Mguu Nilioukunja

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hamjambo, wewe, shemeji na mapacha? Kikohozi cha yule mdogo kimepoa? Sisi tunapumua. Mama anakula vizuri, ila mkono bado uko kwenye plasta, na nywele anachana kwa mkono mmoja, hataki kusaidiwa.

Nimechana karatasi tatu kabla ya hii. Naona haya kukuandikia, na haya yenyewe nimejitakia.

Siku ya ajali nilikwambia kwenye simu kwamba breki za gari lako ulilotuachia zilikataa. Breki zilikuwa nzima.

Unajua kazini namwendesha mkurugenzi. Gari lake jipya lina kitufe cha kushika mwendo, tena lina akili: gari la mbele likipunguza, nalo linapunguza, likisimama, linasimama. Mwaka mzima miguu yangu imedeka. Lako lina kitufe kama hicho, pale pale kwenye usukani, nikadhani ni yale yale. Kumbe lako linashika mwendo tu. Ukiliambia themanini ni themanini, hata mbele kuwe na ukuta.

Nilikuwa nampeleka Mama kliniki. Nikabonyeza, nikakunja mguu, nikaanza kumringia kwamba gari linajiendesha. Mbele yetu lori la mchanga likapunguza mwendo. Mama akaniambia nishike breki. Mimi, dereva wa miaka ishirini na mbili, niliyekufundisha wewe gia, nikamjibu, "Tulia Mama, limeshaliona."

Halikuona kitu. Nilipokanyaga, tulikuwa tumeshachelewa.

Wewe ukampigia fundi aliyezitengeneza breki ukamtolea maneno, habari zikaenea, na wateja wake wakaanza kumkimbia. Bado ananisalimia kwa adabu, nami natamani ardhi inimeze. Jana nilikwenda gereji nikamwambia ukweli mbele ya wenzake. Aliendelea kukaza nati. Nakuomba umpigie umtake radhi, kisha unitukane mimi.

Mama hakunisema kwa mtu yeyote. Juzi tu, nikimfungia vifungo vya gauni, aliniuliza, "Mdogo wako umeshamwambia?"

Wasalimie shemeji na mapacha. Mungu awalinde barabarani, na asiwape dereva mwenye majivuno kama mimi.

Nilimwomba Mama akuandikie yeye, maana akisema yeye, wewe unasamehe upesi. Akaniinulia ule mkono wa plasta. Nikaenda kutafuta kalamu.

Wako akupendaye,
Kaka yako