Tone Nililolipima Pembeni

Nyumbani,
Chumba cha uani.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada, binti mjomba,

Salamu tele kutoka kwetu. Hujambo huko uliko? Mgongo umepoa, au bado unainuka kitini kwa awamu? Na shemeji, bado anakoroma mpaka majirani wanabisha hodi? Sisi huku miili ni mizima.

Mama amepata miwani mipya. Sasa anaona vumbi ambalo halijawahi kuonekana nyumba hii, na sote tumekoma.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Baba yako alikwambia kwenye simu kwamba yuko likizo. Hayuko likizo, amesimamishwa kazi, na kosa ni langu.

Unajua kiwandani tunatengeneza mifuko ya karatasi. Mashine yangu haichapi wino tu, huchapa pia dawa ya kuzuia unyevu, nayo haina rangi, hivyo ikikosekana mahali huoni kitu. Mjomba huichanganya, mimi huipaka kwa rola yenye vishimo vidogo mno vinavyoibeba hadi kwenye karatasi. Rola ikisimama lazima uioshe papo hapo, la sivyo dawa hukaukia humo vishimoni na kuviziba. Hilo yeye mwenyewe alinifundisha siku ya kwanza, kabla sijaonyeshwa hata choo kilipo.

Siku niliyokosea, kengele ya chakula ililia nikaiacha vilevile. Njaa ilikuwa inaniuma, na fundi umeme alikuwa anasimulia vituko vyake vya kwenda kuposa. Niliporudi nikaipangusa rola kwa kitambaa, nikawasha mashine. Nikadondosha tone la maji pembeni ya karatasi, ndivyo tunavyopima. Likasimama bila kunyonywa. Katikati sikupima. Nilihisi kuna walakini, Dada, nikaogopa kuujua.

Baadaye mteja akarudisha shehena nzima. Maziwa yake ya unga yalikuwa yameshika unyevu na kuwa mabonge. Meneja akatuita, akasema dawa ilizidishwa maji, huku anamtazama mjomba. Nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega. Nikanyamaza.

Wiki tatu zimepita. Amebakiza miezi mitano tu astaafu, na wiki hii wataamua kama wanamfukuza. Lakini linalonila roho zaidi ni kwamba ameamini kosa ni lake. Ana kile kikombe chake chenye tundu chini, anachopimia uzito wa dawa kwa kuhesabu sekunde inapotiririka. Kutwa anakaa uani, anamimina maji, anahesabu, anaanza upya. Juzi akaniambia, "Mkono umezeeka, mwanangu. Nimeanza kukosea wala sijijui." Nami nilikuwa nakula chakula chake. Nikameza tonge, nikamega jingine. Nilijichukia.

Kesho asubuhi nakwenda kumweleza meneja. Akinifukuza, sawa, ni haki yangu. Ila nilitaka mjomba asikie kwangu kwanza, kwa hiyo leo baada ya chai nikamfuata uani nikamweleza yote, rola, njaa, mpaka tone la pembeni. Nilijiandaa kwa matusi, hata kofi.

Akaweka kikombe chini. Akaniuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo dawa yangu ilikuwa sawa?"

Nikamwambia ilikuwa sawa kabisa. Akafunika uso kwa viganja, akalia. Alipoondoa mikono alikuwa anatabasamu, Dada. Afadhali angenipiga.

Sikuombi unisamehe leo. Mpigie tu baba yako, usimuulize habari za likizo. Mwache akueleze mwenyewe kwamba hakukosea. Ameshamweleza mama mara mbili tangu asubuhi.

Mama, shangazi yako, anakusalimu sana, na mjomba pia, ingawa hajui ninakuandikia. Wabusu watoto, msalimie shemeji. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Wako akupendaye, hata kama leo hutaki kupendwa naye,

Mdogo wako.