Mianzi Yangu na Maji ya Shule

Jumatatu, 3 Februari 1975
Nimegema mianzi yangu asubuhi. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, umejaa mbeta zote, vile vikopo vya kukingia. Mjukuu wangu Sikudhani kateka maji ya shule, kafika somo la kwanza limekwisha. Kila siku hivyo hivyo. Tangu serikali ituhamishie huku barabarani maji tumeyaacha bondeni, na wasichana wa darasa la saba ndio punda wa shule. Wavulana wamekaa wanasoma. Mwaka huu Sikudhani ana mtihani. Mjukuu wangu ana akili, na hakuipata kwa baba yake. Nimekasirika mpaka ugali nimeuacha.

Alhamisi, 6 Februari
Kaja mwalimu mpya wa sayansi, Ambakisye, kijana wa Mbeya, miguu kama kuku. Anataka mianzi yangu minene. Darasa la saba watoboe vifundo kwa nondo ya moto, waunganishe kwa mpira wa tairi, maji ya chemchemi ya mlimani yateremke yenyewe hadi shuleni. Eti ndiyo sayansi yenyewe, ya ubaoni peke yake haitoshi. Nimemfukuza. Ile minene haitoi ulanzi, lakini ndiyo inayoikinga na upepo ile ya kugema. Na ulanzi ndio chumvi yangu, ndio sabuni, ndio sare ya Sikudhani.

Ijumaa, 7 Februari
Nimemwona Sikudhani anapanda kilima na ndoo kichwani, shingo imezama. Nimekwenda shuleni na panga. Nimemwambia mwalimu akate, ila akikanyaga chipukizi hata moja nitamkata yeye. Kasema, ndiyo bibi. Angalau ana adabu.

Jumamosi, 15 Februari
Wiki nzima wanatoboa. Moshi kila mahali. Waya wa kufungia mpira wameomba kwa mafundi wa mbao Mafinga. Sikudhani kaungua nywele za mbele, anacheka tu. Kanieleza kwa nini maji yatakimbia bila kusukumwa: chemchemi iko juu kuliko shule. Nikamwambia aoshe vyombo. Nilielewa. Sikumwambia.

Upepo umelaza milanzi miwili, ile mianzi ya kugema. Nilijua.

Jumatatu, 24 Februari
Maji yametoka. Ya manjano, yananuka uchachu. Mzee Kalinga, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya shule, kanusa, katema. Kauliza mianzi ya nani. Wakamwambia, ya bibi wa ulanzi. Akapaza sauti: basi, watoto wananyweshwa pombe! Mwalimu kaeleza kuwa mwanzi mbichi ukilowa hunuka hivyo, yaachwe yapite siku kadhaa, harufu itakwisha. Nani amsikilize, mgeni. Keshokutwa kamati inakaa, bomba ling'olewe.

Wanaume hao hao wanakunywa kwangu, nyuma ya zizi, wake zao wasiwaone. Leo hawajui ulanzi unanukaje. Wanafiki.

Jumatano, 26 Februari
Nimekwenda kwenye kamati bila kuitwa. Nimekinga kopo kwenye bomba, nikanywa lote mbele yao. Mabaya, kama kulamba ukuni mbichi. Nikasema:

“Ulanzi naujua mimi, Kalinga, na wewe unaujua. Nakaa hapa. Ukiniona nayumba, ng'oa.”

Nikakaa uwanjani, jembe mapajani. Mwalimu naye akalitoa darasa la saba nje wanitazame, waandike wanachokiona. Mimi, mtu mzima, nimekuwa somo. Mara nisimame, mara nitembee kwenye mstari waliouchora chini. Mmoja kaandika kwamba bibi hajalewa, anatukana vilevile. Wakacheka hata wa kamati. Kalinga hakucheka, lakini jua lilipoelekea kuzama alisema maji yaachwe yapite kwanza, watoto wanuse kila asubuhi, wamletee majibu. Hilo tu. Nimerudi mgongo unauma. Sijutii.

Jumanne, 4 Machi
Harufu imekwisha. Watoto wamempelekea Kalinga maji kwenye glasi, kayanywa yote.

Leo Sikudhani katoka na daftari tu mkononi. Sijamzoea hivyo. Bomba limeishia shuleni, sisi huku bado tunateremka bondeni. Nimechukua ndoo mwenyewe. Njiani sikumkuta msichana hata mmoja. Nilipokuwa nikipanda nilipumzika karibu na shule, kengele ya kwanza ikalia, wakaanza kusoma kwa pamoja. Sauti ya Sikudhani sikuweza kuitofautisha na za wengine. Nikajitwika ndoo, nikaenda.