Makofi chumbani kwa binti yangu

Mwenzangu, ukienda kwa mwanao ukasikia makofi chumbani, bisha hodi kwanza. Mimi sikubisha.

Nilisikia pa, pa, papapa, na binti yangu anahema. Nikajua anapigwa. Nikaingia mbio nikamzaba mumewe kofi. Mkwe wangu, mwenzangu. Mkwe.

Kumbe kila mmoja alikuwa anajipiga mwenyewe, kifuani na mapajani. Ndiyo ngoma yao, mwili ndio unaopigwa, na walikuwa mazoezini.

Binti akaniuliza, "Mama, umempiga mume wangu?" Akarudia, "Umempiga?"

Mkwe kashika shavu, kainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama."

Nikatoka mbio kabla ya marahaba. Nimejifungia chooni. Chakula kimeiva, wananiita mezani, na anayeita ni mkwe mwenyewe. Natokaje humu?