Leso Isiyo na Jina

Ijumaa, Malindi. Wingu limetanda tangu asubuhi. Mvua haitaki kunyesha wala haitaki kwenda zake. Moyo wangu nao ndivyo ulivyo.

Kesho sisi wanafunzi tunafungua maonyesho yetu ya sanaa katika ukumbi mdogo wa mtaani kwetu. Kazi inayonitia hofu ni moja: leso ya mwenzangu wa chumbani chuoni Kilifi, ambaye hapa nitamwita Salwa. Jina lake halisi silitaji, wala nchi yake. Kwao wanatawala wanajeshi, na kaka yake alikuwa mchoraji. Alichora ukutani nyuso za vijana waliopigwa risasi. Askari wakaupaka ukuta chokaa. Akachora tena juu ya chokaa. Safari hiyo wakamchukua yeye.

Mama yao yungali kule. Ameambiwa akinyamaza, huenda mwana akarudi.

Salwa alibuni leso ya kumkumbuka: katikati ukuta mweupe, na kwenye pindo brashi zimelala. Juzi tuliupeleka mchoro wake kwa fundi anayechapa vitambaa kwa mkono. Salwa alikuwa akimweleza habari za ukuta ule, nami nikatoka kupokea simu. Fundi akamuuliza swali la kila fundi wa leso: "Jina lake?"

Kwetu, jina la leso ni yale maneno ya chini, fumbo au dua. Salwa, ambaye Kiswahili amekisomea darasani, alidhani anaulizwa kuhusu kaka yake.

Akalitaja.

Leo alasiri tumekwenda kuichukua. Leso ni doti, vipande viwili pacha. Kwenye kipande cha kwanza jina la kaka yake, pamoja na la baba yake, limesimama kwa herufi nyeusi. Salwa aliketi chini pale pale.

"Nimekosea herufi, mwanangu?" fundi akauliza.

Nakiri kwamba mimi nilifurahi. Ni mara ngapi nimesimama mbele ya wenzangu nikahubiri kuwa udhalimu hunenepa kwa kimya chetu? Nikamwambia Salwa aliache. Nikamwambia tukipaacha mahali pa jina patupu, tutakuwa tumempaka kaka yake chokaa kwa mikono yetu wenyewe. Ilikuwa sentensi nzuri. Niliipenda hata kabla sijaimaliza.

Salwa akaniuliza, "Mama yako leo analala wapi?"

"Nyumbani."

"Haya."

Nikampa mkono, akainuka.

Kipande cha pili kilikuwa na mchoro tu. Jina lilikuwa bado. Salwa akaomba kibaki vivyo hivyo. Fundi akaguna. "Leso bila jina? Wanawake wa Malindi hawa ninaowajua? Watasema wino umeniishia." Akakikunja hata hivyo, akatukabidhi.

Kile chenye jina, Salwa amejifunga ndani ya buibui. Mtu hawezi kukiona. Hicho hakitundikwi popote.

Tulipofika nyumbani nilikitandaza kile kingine kochini. Mama yangu akapita, akakishika, akatafuta maneno chini ya ukuta. Akakigeuza, akatafuta tena.

"Mbona hii haikuandikwa? Jina lake nini?"

Salwa alipeleka mkono nyuma kiunoni, pale jina lilipo, akauacha hapo. Mama akamtazama, akaketi kando yake, wala hakurudia swali.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikikipinga. Chokaa hufanya watu wasiulize. Kesho kila mwanamke atakayesimama mbele ya kitambaa kile atauliza, na kwa sauti, kwa maana hapa leso haitazamwi ikanyamaziwa.

Nami ndiye niliyepangiwa kusimama kando yake kuwapokea wageni. Mimi, ambaye sijapata kuulizwa swali nikalimeza jibu. Jina ninalijua lote, mpaka la baba.

Je, ulimi huu nilioufunza kupiga kelele, nitauweza kesho?