Sinema Iliyokwama

Laini za wachuma chai, upande wa Kiptere
Jumapili, baada ya mvua

Dada yangu Rebeka,

Kwanza goti. Kabla hujasoma mbele, simama, ulikunje, kisha useme ukweli. Kama bado unapanda kile kilima cha kisimani na mtungi kichwani baada ya daktari kukukataza, jua kwamba nimekasirika nikiwa huku huku. Na guku, bibi yetu, je, bado anasukuma bakuli la uji lisilo na sukari? Na Mercy wangu, ambaye sasa ni wako kuliko wangu, ameacha kulala na sweta ya shule? Mimi ni mzima. Kifua kinanibana asubuhi kwa sababu ya baridi ya huku, lakini nakula, nalala, na Mungu hajanisahau.

Sikupiga simu kwa sababu haya ninayotaka kukwambia si ya simu. Ukifika mahali panapouma, mtandao unapotea, unabaki unaita "halo, halo" kama mwendawazimu. Shemeji Nato anakuja nyumbani kwa mazishi ya mjomba wake, atakupa barua hii mkononi pamoja na majani ya chai na sukari kidogo.

Uliniuliza kama ni kweli mashine zimefika. Zimefika, dada. Vijana wawili wanaishika moja huku na huku, inapita juu ya majani ikinguruma, nyuma yake shamba linabaki limenyolewa kama kichwa cha mtoto wa darasa la kwanza. Kazi ya kina mama wengi inaisha kabla jua halijatoka. Basi wengine wameambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe, na anayeambiwa hivyo anajua maana yake. Mimi bado nachuma, ingawa siku zimepungua. Mama Wesley, yule Mkipsigis aliyenifundisha kuchuma nilipofika bila hata kujua kufunga kikapu mgongoni, alikuwa mmoja wa walioambiwa wasubiri.

Mwanawe Wesley aliumia sana. Akakusanya vijana wenzake, wakaapa kuichoma ile mashine. Na kwa kuwa walijua askari wa shamba watakuwepo, walitaka mtu wa kutangulia mbele. Wakamtaka Kibet.

Kibet ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Anafanya kazi kiwandani, anatia kuni kwenye boila. Ni mtu mkubwa, mlango wa nyumba zetu anauingia kwa ubavu. Ujanani alikuwa bondia, na wazee wa Kipkelion mpaka leo wakimwona wanakunja ngumi kwa utani. Lakini mtu mpole kama yeye sijaona. Mkewe, Mama Faith, akimgombeza, anajibu "ndiyo" mpaka mama wa watu anachoka.

Vijana walipomwendea alisema, "Hapana, mimi sipigani." Hakuongeza neno. Basi wakaanza. Akipita wanakohoa. Wakamwita mama mjamzito. Wakamwita mtu wa kampuni. Asubuhi moja walimtundikia sketi mlangoni. Mama Faith aliitoa, akaifua, akaikunja vizuri, kisha akapita mlango kwa mlango akiuliza, "Hii ni ya nani? Mwenyewe asikae bila nguo." Tulicheka, lakini nilimwona Kibet amekaa kitandani na mikono katikati ya magoti, hacheki.

Sasa ndiyo nije kwa sinema.

Kuna mtu anaitwa Karanja, Mkikuyu mwenye duka la simu pale sokoni Kiptere. Jumamosi mchana huleta televisheni kubwa na spika kwenye holi yetu. Kwa kawaida sinema zake zina mtu ndani anayesimulia kwa Kiswahili na kutia utani. Jumamosi ile alileta ya zamani kweli, ya kung-fu, picha yenyewe ina mikwaruzo kama mvua, na watu wake wanaongea Kichina tupu. Holi ikapiga kelele. Karanja akasema, "Mnataka nifanye nini, nikasomee Kichina?" Ndipo Mama Faith akanisukuma mgongoni. "Wekeni Jesca! Huyu shambani anaongea mpaka majani yanacheka."

Dada, unanijua. Nilisimama kando ya televisheni nikaanza kusema kile ninachokiona, na nisichokiona nikakitunga.

Kulikuwa na mwanamume anabeba magunia ya mchele sokoni. Hana makuu. Akimaliza kazi anakwenda kumwezekea paa mama mmoja mjane. Kumbe mjini kuna tajiri na wahuni wake, na wamesikia kwamba huyu mbeba magunia zamani alikuwa hatari. Wanamtafuta apigane. Wanamwagia mchele chini. Anauzoa. Wanampiga kofi. Anainama. Wanamlazimisha atambae katikati ya miguu yao kama mbwa, naye anatambaa.

Mwanzoni nilimwekea maneno ya kuchekesha. Nilimfanya aseme kwa sauti ya Kimaragoli, "Wazee, mimi nina mgongo mbaya," na watu wakalia kwa kicheko. Lakini alipotambaa, sauti ikatoka nyuma: "Huyo ni Kibet!" Mwingine akadaka: "Kibet, vaa sketi yako!" Holi yote ikageuka kumwangalia. Alikuwa amekaa karibu na mlango, na Faith mwanawe juu ya paja.

Nilisikia aibu, kwa sababu kicheko kile nilikuwa nimekiwasha mimi. Pale kwenye televisheni yule mtu alikuwa amesimama, anajipangusa vumbi, midomo yake inatikisika. Nikamsemea, na safari hii bila utani: "Nyinyi mnafikiri asiyepiga ni asiyejua kupiga? Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kwa nini."

 Kisha Kibet akasimama. Akamkalisha mtoto kwenye benchi. Unajua hawa wenzetu Wakipsigis na Kiswahili chao, "basi" inakuwa "pasi", na siku nyingine tunawatania. Siku hiyo hakuna aliyetania.

"Pasi mimi nitawaambia," alisema. "Nilikuwa napiga ngumi, mnajua. Lakini hamjui hii. Kulikuwa na kijana anaitwa Joel, wa Sosiot. Hakuwa adui yangu, ilikuwa tu mchezo. Nilimpiga hapa." Akagusa upande wa kichwa chake. "Alianguka, na aliyeamka alikuwa mtu mwingine. Mpaka leo, neno moja kwake ni kama kupanda mlima. Kwao alikuwa ndiye anasoma. Mimi huenda huko kumpasulia mama yake kuni. Kwa hivyo mkiniambia nipige mtu, nyinyi mnasema tu mdomo. Mimi najua mnaniambia nini."

Akamchukua mtoto, akatoka. Mama Faith akamfuata akijifuta uso na ncha ya leso.

Karanja, maskini, hakujua la kufanya, akaacha sinema iendelee. Mbeba magunia akaweka gunia chini polepole, akainua kichwa, akawatazama wale wahuni. Na hapo hapo picha ikakwama. Karanja akatoa sidii, akaipangusa kwa sweta, akaipulizia, akairudisha. Ikakwama mahali pale pale. Watu wakanigeukia: "Jesca, malizia basi! Alipiga au hakupiga?" Nikasema sijui. Na kweli sikujua. Tukatoka mmoja mmoja.

Nilidhani maneno ya Kibet yamemaliza mambo. Hayakumaliza. Hasira ya mtu ambaye mama yake amefukuzwa haimalizwi na habari za Joel.

Jumatatu tulikuwa shamba la juu karibu na mikaratusi, sisi wa mikono upande mmoja, mashine upande wa pili. Mmoja wa wale wanaoishika ni Denis, Mkisii, kijana mwembamba ambaye mama yake alichuma chai humu humu mpaka alipokufa. Nikasikia filimbi. Vijana wakatokea kwenye mikaratusi na marungu na mtungi wa petroli. Mwenzake Denis akakimbia. Denis akateleza kwenye matope, akaanguka chali na ule mtambo juu ya miguu yake, hawezi kutoka.

Dada, walikuwa hawamwoni Denis. Walikuwa wanaona mashine tu. Mmoja alikuwa tayari anafungua mtungi.

Sijui nani alimwita Kibet. Nafikiri alikuwa anatoka zamu, maana uso wake ulikuwa na majivu. Alipita katikati yetu akikimbia, akavunja matawi ya chai, akafika, akauinua ule mtambo kwa mkono mmoja, Denis akavuta miguu. Kisha akasimama hapo, mbele ya mtungi.

"Toka, mzee," Wesley akamwambia.

"Sitoki."

"Hii imemfukuza mama yangu!"

"Najua. Mamako amenipikia chai tangu nikiwa sijaoa. Lakini ukichoma hii, kesho polisi wanakuchukua, na keshokutwa inakuja ingine. Mamako atabaki bila kazi na bila wewe."

Wesley akapiga. Rungu lilimwangukia Kibet kwenye mkono, na sisi sote tulisikia mfupa ukivunjika. Ule mkono wake mwingine ukapanda, umekunjwa. Niliuona. Ngumi kubwa kama kichwa cha mtoto. Wesley mwenyewe aliiona, akafumba macho, akasubiri.

Kibet akaufungua ule mkono. Akaushusha polepole, kama mtu anayeweka chini kitu kilichojaa maji. Machozi yalikuwa yanamtoka, na sijui kama ni ya maumivu. Akasema, "Umemaliza?"

Hapo kina mama tukaja na vikapu vyetu migongoni. Hatukuwa tumepanga. Tukasimama pande zote za Kibet na Denis, na Mama Wesley, aliyekuwa amekuja mbio kutoka nyumba za laini akiwa miguu mitupu, akaupokonya ule mtungi na kuufunga kifuniko. Vijana wakabaki wanaangalia chini. Askari walipofika hawakukuta kitu isipokuwa watu wamesimama kwenye mvua. Walipouliza juu ya mkono, Kibet alisema aliteleza.

Nisikudanganye kwamba mambo yamekuwa mazuri. Mashine bado inanguruma. Meneja alikaa na wazee wa chama cha wafanyakazi, wakakubaliana mashamba ya chini yabaki ya mikono kwa sasa. Hilo "kwa sasa" silipendi. Mama Wesley amerudishwa, lakini siku chache. Mimi pia, ikifika wakati wa kurudi nyumbani nitakwambia mapema, unitafutie mahali pa kuuza mboga pale sokoni.

Mama Wesley alimleta mwanawe mlangoni kwa Kibet siku iliyofuata. Nilikuwa pale nikimsaidia Mama Faith kumenya viazi. Akasema, "Nimekuletea huyu. Mfanye unavyotaka." Kibet, mkono ukiwa kwenye plasta, akamgeukia kijana.

"Unajua kupasua kuni?"

"Najua."

"Jumapili uje na shoka."

Basi leo tumetoka Sosiot. Mama Faith aliniomba niende kubeba unga na sukari, kwa kuwa yeye ana mtoto mwenye homa. Njia nzima Wesley alitembea nyuma yetu na shoka begani. Joel tulimkuta amekaa nje juani, amefumiwa sweta nzuri. Alipomwona Kibet alianza kusema jina lake, na sote tukasimama kwenye matope tukingoja mpaka likaisha: "Ki... bet." Akacheka kwa furaha, kama mtu aliyefika juu.

Mama yake ni mzee sana, amekauka, lakini macho ni ya moto. Kitu cha kwanza alichoona ni plasta. Akamshika Kibet, akamvuta chini ya paa, akafungua kitambaa cha kuning'inizia mkono kilichokuwa kimefungwa vibaya, akakifunga upya kwa mikono yake. Yule yule mama, dada.

"Nani amekupiga?"

"Niliteleza, kogo," Kibet akasema. Kogo ndiyo guku kwao.

Wesley alikuwa ameshasimamisha gogo la kwanza. Akaweka shoka chini.

"Ni mimi, kogo. Ni mimi nilimpiga."

Yule bibi alimwangalia Wesley, akamwangalia Kibet, akamwangalia mwanawe pale juani. Nilidhani atamfukuza. Badala yake aliingia ndani, akatoka na kigoda kingine, akakiweka kando ya kile cha Kibet.

"Kaa," alimwambia. "Kunywa chai kwanza. Nyumba hii imezoea wageni kama wewe."

Wesley alikaa, akashindwa kushika kikombe, nikamshikia.

Nisalimie guku, na umwambie sukari imetumwa kidogo, lakini ni ya chai, si ya uji. Nisalimie shemeji fundi, mumeo, apunguze kupanda paa za watu wakati wa mvua. Nisalimie mchungaji wetu, na mama wa jirani anayekuchotea maji, kama kweli anakuchotea. Mercy mbusu mashavu yote mawili, umwambie mama yake anamwota akiwa amevua sweta.

Ni mimi mdogo wako, wa chai na matope,
Jesca