Mama Mkwe Kafunga Fundo Kisimani, na Radhi Siombi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila nakutahadharisha mapema kwamba kuomba radhi sitaomba, kwa hiyo kama jibu lako ni hilo unaweza kuichukua barua hii ukafungia karanga.

Mimi ni fundi wa vipimo katika idara ya maji, nimeolewa, na tunaishi ua mmoja na mama mkwe wangu, na katikati ya ua huo kuna kisima ambacho ndicho kimeniletea haya yote. Kazi yangu ni kuzamisha vipimio visimani. Kipimio chenyewe ni kidude cha chuma kama tochi ndogo, kinaning'inizwa kwa kamba hadi chini ya maji, na humo ndani kinajiandikia kila saa uzito wa maji yaliyo juu yake, maji yakipungua uzito unapungua, nasi tukikivuta na kukiunganisha na kompyuta tunaona mstari wa maji yalivyopanda na kushuka muda wote ambao hatukuwepo. Idara ilipotaka kujua kwa nini visima vya mtaa wetu vinakauka kabla ya msimu wake, ilichagua visima vichache, cha mama mkwe kikiwemo, na yeye mwenyewe alikubali kwa furaha, tena alisimama ukingoni akitusimamia kama tunamvisha bibi harusi, akamtangazia kila mpita njia kwamba kisima chake kimechaguliwa. Kipimio kingine tulikiweka kwa fundi cherehani, jirani yetu mjane wa upande wa pili wa ukuta, ambaye kisima chake ikifika mchana kinatoa tope, naye analaumu pampu yetu.

Sasa, mshauri, vipimio havina shemeji. Mimi ninaye, mdogo wake mume wangu, anayeosha magari mbele ya geti letu kwa maji ya kisima cha mama yake, na kila pampu ikiwashwa mstari wa kwetu unashuka, na wa fundi cherehani unaufuata nyuma, pampu ikizimwa yote miwili inapanda taratibu, jambo ambalo hata asiyejua grafu analiona. Nilimwambia mume wangu, mume wangu akamwambia mama yake, na nyumba ikawaka moto.

Nilipokwenda tena kukivuta kipimio cha kwetu nikakuta alama nyekundu ya kwenye kamba, ambayo inatakiwa kukaa sawasawa na ukingo wa kisima, haipo mahali pake, kamba imekunjwa na kufungwa fundo nene kwa kipande cha kitambaa cha kichwa ambacho mwenye nacho namfahamu vizuri. Nilimfuata barazani alipokuwa anachambua maharage nikamuuliza, wala hakujisumbua kukana.

"Nimekipandisha," akaniambia. "Si kinachungulia huko chini? Basi kikae juu kama watu wenye adabu, kiache kuhesabu mambo ya watu."

"Lakini mama, ukikipandisha, maji juu yake yanakuwa machache. Kwa macho ya kipimio, kisima chako kimekaribia kukauka!"

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, na kuendelea na maharage yake.

Fundo nililiacha vilevile kwa hasira, nikapeleka vipimo ofisini, na grafu ikaonyesha mstari unaporomoka ghafla kama ndoo iliyokatika kamba. Bosi wangu alipouona alisimama kwenye kiti. "Imetosha! Pampu hiyo tunaifunga." Nikamweleza habari ya fundo, akacheka. "Fundo au si fundo, si tunajua wanavuta maji kupita kiasi? Wewe acha ilivyo." Kikao cha idara na wenye visima ni wiki ijayo, na mimi ndiye wa kusoma vipimo.

Nyumbani nako mume wangu ana wimbo wake mmoja tu: "Sema vyote viwili vimeharibika. Sema ni betri. Kwani nani atajua?" Mimi nitajua! Nikisema vimeharibika, vipimo vya kisima cha fundi cherehani navyo vinatupwa, na ndivyo pekee vinavyoonyesha kwamba mjane yule hasingizii. Nikinyamaza kama bosi anavyotaka, mama mkwe anafungiwa pampu kwa fundo, wala si kwa maji, na siku fundo hilo likijulikana hakuna atakayeamini tena kipimio chochote, cha kweli wala cha uongo.

Shangazi wa mume wangu amekuja na mkoba wake akaniambia nipige magoti mbele ya mama mkwe kwa kuleta mpelelezi kisimani, mume wangu amehamia upande wa mama yake, mlango unaotazamana na wetu, na kila asubuhi ananisalimia kama karani wa benki, na amesema nikisimama kikaoni nikamtaja mama yake, nisirudi. Mshauri, nampenda mume wangu, na nikiyafikiria maneno hayo machozi yananitoka, lakini magoti yangu hayajui kukunjika kwa sababu ya kitu ambacho sikukosea. Nifanyeje na watu hawa?

Mimi, Mkamwana Asiyepiga Magoti.

MSHAURI ANAJIBU

Mkamwana, karanga nimekula, barua nimebaki nayo.

Kwanza pole. Mume kukuhama kwa kuvuka ua ni kichekesho kwa wanaosikia, lakini wewe unayeutazama mlango ule kila asubuhi unaumia, na shangazi wa mumeo analijua hilo. Sasa keti, nikugombeze kidogo.

Hivi wewe, mwenye akili zote hizo, ulipokizamisha kidude kile ulimwambia nini mama mkwe? Ulimwambia kisima chake kimechaguliwa, basi. Hukumwambia kwamba ng'ambo ya ukuta kuna kidude kingine, na kwamba viwili hivyo vitasema pamoja. Alidhani anapewa heshima, kumbe anapimwa. Halafu habari yenyewe ukaituma kwa mdomo wa mumeo, tena mtoto wa mama! Mambo ya kisima cha mtu unamwambia mwenye kisima. Na kisima cha nyumbani kwako ungemwachia mwenzako wa kazini akipime, si wewe. Kwa hayo matatu nenda ukamwambie, "Mama, hapa nilikosea." Unaweza kuyasema ukiwa umesimama wima. Magoti yako yaache yapumzike.

Kwa kupima, usiombe radhi. Si leo, si kikaoni, si kwa huyo shangazi mwenye mkoba. Anayeombwa radhi kwa kuambiwa ukweli atataka aombwe kila siku, na wewe utazeeka umeinama.

Bosi wako naye usimwogope. Ana kesi nzuri mkononi na anataka kuishinda kwa ushahidi mbovu, huo ni uvivu uliovaa tai. Na mumeo anayekutuma useme betri, mwambie njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wa hiyo yake uko kwenye kisima cha mjane. Akirudia kwamba usirudi, mwulize usirudi wapi, maana aliyehama ni yeye.

Nimemuuliza fundi wa pampu ninayemfahamu, amenihakikishia kwamba vipimo vyako havijafa. Hasira yako ya kuliacha fundo imekusaidia kuliko ambavyo busara yangu ingekusaidia, kwa sababu urefu uliokunjwa bado upo na unapimika. Kwa hiyo usilifungue ukiwa peke yako. Chukua futi, ipime kamba ikiwa na fundo, kisha ipime ikiwa imenyooka. Teremsha futi yenye uzito hadi iguse maji, usome kutoka ukingoni, ulinganishe na kilichoandikwa na kipimio. Tofauti ya urefu wa kamba ndiyo kazi ya mama mkwe, nyingine yote ni kazi ya pampu. Sahihisha mstari kwa kiasi hicho tu. Usipunguze hata kidogo kwa mapenzi, wala usiongeze kwa chuki.

Kikaoni sema kamba ilifupishwa, taja imefupishwa kiasi gani, weka mstari uliosahihishwa mezani ukae. Jina la aliyefunga usilitaje. Kipimo hakilihitaji, na mama mkwe ana mdomo wake akitaka kujitaja. Halafu sema lile ambalo hakuna mtu hapo nyumbani kwenu amelifikiria kwa sababu ya kununa: maji yanarudi pampu ikizimwa. Yakirudi, yanagawanyika. Shemeji yako apangiwe saa zake za kuosha magari na fundi cherehani apate mchana wake. Akikataa kupangiwa, hapo ndipo idara ifunge pampu, tena kwa haki, na wewe usitie neno la kumtetea.

Lakini kabla ya kikao, jambo moja, na hili si ombi. Ipime kamba hiyo kesho mchana, watu wakiwa macho. Mwite mama mkwe ashike ncha moja ya futi kwa mkono wake mwenyewe, na mwite fundi cherehani asimame upande wa pili wa kisima. Mama mkwe akishika, mmeshapona nusu, kwa sababu ni vigumu mtu kuigombeza namba aliyoishika. Akikataa kushika, funga ncha kwenye jiwe, pima peke yako mbele yake, na kila namba utakayoisoma isome kwa sauti, hadi wanaoosha magari nje ya geti wazime mpira wa maji wasikilize.