Uzi Chini ya Unyayo

Jumatatu, 4 Machi
Panya wapya wamefika maabara. Weupe, macho mekundu. Daktari ameanza kuwapa dawa ya virusi, anataka kujua kama inaharibu mishipa ya fahamu. Mshikaji wao ni mimi — nani mwingine? Hata mmoja hajawahi kuning'ata! Mfagizi ananiita Sultani wa Panya. Anatania, lakini kweli tupu.

Nawasimamisha juu ya wavu. Daktari anapenyeza uzi wa nailoni kutoka chini, anaugusisha unyayo. Panya akivuta mguu, mzima. Asipovuta, kuna neno.

Jumanne, 5 Machi
Nimemkumbuka marehemu mke wangu. Tulipougua tulipewa dawa za virusi, zile za mwanzo mwanzo. Zikatufufua! Tukarudi dansini. Mimi ukumbini waliniita Springi. Bendi ikianza, watu wananipisha. Mama watoto viatu mkononi, anacheka — taratibu, baba, utatoboa sakafu ya watu! Tulicheza pekupeku. Sakafu baridi, imepakwa nta. Naikumbuka mpaka leo, kwa unyayo.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu! Nimeingia kwa panya, mfagizi kaangua kicheko. Eti Sultani, ndala nyingine umeiuza? Natazama chini — mguu wa kushoto mtupu. Ndala imebaki getini. Nimekanyaga kokoto uwanja mzima, sina habari. Nikamwambia mwanamume haulizwi mambo ya ndala.

Daktari hakucheka. Ameuliza hali hii imeanza lini. Hali gani? Anasema asiyehisi miguu hafai penye maji ya moto na vioo, itabidi nikapumzike nyumbani. Apumzike yeye! Nyumbani kuna viti viwili, mimi mmoja.

Binti yangu kapiga simu. Nimemwambia baba yako chuma.

Ijumaa, 8 Machi
Panya mmoja leo hakuvuta mguu. Daktari kaongeza uzi mnene, kisha mnene zaidi. Wapi! Kakaa tu, ananusa. Nikamnong'oneza: vuta, bwana, vuta! Daktari akawa ananitazama mimi, si panya.

Baadaye kasema, mzee wangu, kaa hapa, weka miguu kwenye stuli, fumba macho. Ukihisi uzi, sema.

Nikafumba. Nikaisikia bendi, nikamsikia mama watoto akicheka. Nikaungoja ule ubaridi wa sakafu. Nikangoja. Mwisho nikasema kwa sauti ya kiume: "Sasa!"

Nikafungua jicho moja. Daktari yuko kabatini, ndiyo kwanza anatafuta uzi.